Taa za Mchana za Uanivi

Watu wa kijiji cha Okondjatu walimwita Uanivi Bwana Kurunzi, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Alikuwa fundi wa pampu za visima. Kutwa nzima alizunguka na pikapu yake nyeupe kwenye barabara za changarawe, kutoka boma hili hadi lile, na popote alipokwenda taa kubwa za mbele zilikuwa zinawaka, jua lichomoze lisichomoze. Watoto walikuwa wakimwona kwa mbali wanapiga kelele kwamba Kurunzi anakuja, na kweli walimjua kabla hata vumbi lake halijaonekana vizuri.

Wanaume walimtania sana. Aliwahi kwenda mazishini Okakarara akaegesha gari akasahau kuzima taa, na ibada ilipokwisha betri ilikuwa imekufa. Ilibidi watu wakunje mikono ya suti zao wamsukume. Mkewe, Rijarua, alikuwa ameketi ndani na gauni lake refu na kilemba chake chenye ncha mbili kama pembe za ng'ombe, akitamani ardhi ipasuke.

"Kurunzi," mmoja alimwuliza huku anasukuma, "jua la Mungu halikutoshi?"

"Linanitosha mimi," Uanivi akajibu. "Sijui kama linakutosha wewe unayenijia mbele."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, na hakuichoka. Kwetu kule, siku isiyo na upepo, gari likipita vumbi hubaki limening'inia juu ya barabara kama pazia ambalo mtu amesahau kulifungua. Gari jeupe ndani ya vumbi jeupe halionekani. Taa ndiyo inayotoboa. Alikuwa akisema kwamba taa za usiku ni za kuona, taa za mchana ni za kuonekana, na mtu asiyetaka kuonekana aende kwa miguu porini. Wachache walimsikia. Wengi walisema betri ni ghali.

Yeye na Rijarua hawakujaliwa mtoto. Waliyemlea ni Kapuire, mtoto wa dada yake Uanivi, ambaye mama yake aliondoka kwenda Walvis Bay kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na harudi ila kwa mazishi. Rijarua alimlea kwa maziwa yake ya kibuyu tangu hajaota meno ya ukubwa. Kwa mila yetu ndiye pia angekuja kuchukua ng'ombe wa mjomba wake, kwa hiyo katika boma lile hakuna aliyemwona kama mtu wa kuletwa. Alikua kijana mrefu, mcheshi, anayependa muziki na harusi. Uanivi alimfundisha kuendesha, na somo la kwanza, kabla ya klachi na gia, lilikuwa swichi ya taa.

Basi ilitokea harusi Otjinene, Kapuire akaomba gari. Uanivi alimpa. Kijana alirudi siku ya tatu jioni, akaliosha gari ndani na nje, akalisugua hata magurudumu. Uanivi alilizunguka akafurahi. Alimwambia mkewe kwamba mtoto sasa ameanza kuwa mtu mzima, maana anayerudisha cha watu kikiwa safi kuliko alivyokichukua ana adabu.

Kesho yake asubuhi kulikuja habari kutoka boma la upande wa mashariki kwamba pampu imekufa na ng'ombe wamelala karibu na birika tupu la kunyweshea. Uanivi alikunywa chai amesimama. Rijarua alikuwa nje anasuuza vibuyu. Alimwona akiingia garini, akasikia tiki ya swichi kama anavyoisikia kila siku, akamwona akipunga mkono. Hakuzitazama taa. Jua lilikuwa limeshapanda, nani hutazama taa saa hiyo?

Barabarani kulikuwa na lori la mbuzi likielekea mjini. Nyuma yake, ndani ya vumbi lake, alikuwapo Muharukua, mnunuzi wa ng'ombe, mtu mnene mwenye sauti kubwa anayejulikana katika kila mnada. Muharukua alikuwa amechoka kula vumbi la mbuzi. Alisogea kulia, akachungulia, hakuona kitu, akakanyaga mafuta. Uanivi alikuwa anatokea upande wa pili. Dereva wa lori alisema baadaye kwamba hakuona magari yakigongana. Alisikia tu, akadhani ni tairi lake limepasuka, na alipoteremka vumbi lilikuwa bado halijatua.

Uanivi alikufa pale pale. Muharukua alitolewa kwa kukata vyuma vya gari, mguu mmoja umesagika.

Akiwa hospitali, Muharukua alitoa maelezo kwa polisi, na maelezo hayo yalifika Okondjatu kabla maiti haijafika. Alisema alichungulia sawasawa. Alisema kila mtu anajua Uanivi huwasha taa, kwa hiyo yeye alitafuta taa, na kwa kuwa hakuziona alijua barabara ni tupu. Uanivi siku hiyo hakuwasha.

Maneno hayo yalipokelewa kwa namna iliyomuuma Rijarua kuliko kilio chenyewe. Watu walitikisa vichwa, lakini kulikuwa na kitu kama raha ndani ya huzuni yao. Miaka yote aliwahubiria, kumbe naye ni kama wao. Akiwa amekaa na wanawake wenzake, amefunikwa nguo nyeusi, alisikia nje ya dirisha mwanamume akisema kwamba siku ya kwanza mtu anapoacha dawa yake ndiyo siku ugonjwa unapomkumbuka, na mwenzake akacheka puani.

Ndugu za Muharukua walipokuja kutoa pole, na ng'ombe dume wa msiba nyuma ya gari, Rijarua aliinuka. Kwa mila yetu mjane hainuki. Alisimama mbele ya wazee, akawaambia:

"Mwambieni Muharukua, ameniulia mume mara mbili. Ya kwanza naweza kumsamehe, ni barabara. Hii ya pili ni ulimi wake."

Walirudi na ng'ombe wao. Habari ikaenea hadi mnadani, na tangu siku hiyo wafugaji wengi wakaanza kuwauzia wanunuzi wengine. Mtu aliyemzulia maiti uongo atashindwaje kumzulia mwenye ng'ombe? Kapuire alikuwapo siku hiyo, amesimama nyuma ya wazee, uso umevimba kwa kulia. Rijarua alimwona akitoka nje kabla hajamaliza kusema. Alidhani ni uchungu.

Mazishi yalipopita, hakutulia. Aliwaandama polisi mpaka wakakubali lile gari lililokuwa uani kwao likaguliwe na mtu anayejua. Aliletwa sajini kutoka Otjiwarongo, mwanamke wa Kiovambo aitwaye Ndahafa, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Rijarua alikwenda na nguo zake nyeusi, akasimama juani huku sajini akizifungua taa zilizopondeka. Ajabu ni kwamba balbu mbili za ndani zilikuwa nzima vioo vyake.

Sajini alimwonyesha. Alimweleza kwamba ule uzi mwembamba ndani ya balbu, ukiwa unawaka wakati wa kishindo, unakuwa laini kama mshumaa, kwa hiyo huvutika na kurefuka na kupinda. Ukiwa haukuwaka, unakatika kavu, kama unyasi. Akainua balbu juani. Uzi ulikuwa umekatika kavu.

"Na hii nyingine?"

"Ni hivyo hivyo, Mama. Hazikuwaka."

Sajini akasema kwamba za gari la Muharukua nazo alizitazama na zilikuwa zimezimwa vile vile, na swichi yake haikuguswa. Kisha akaingiza mkono ndani ya pikapu iliyokunjamana, akapapasa chini ya usukani.

"Njoo utazame, Mama. Swichi ya mumeo imewashwa."

Rijarua aliinama akaiona. Ilikuwa imezungushwa hadi mwisho, kama alivyoizungusha asubuhi ile. Moyo ulimruka kwa furaha ya kijinga, kama mtu aliyeambiwa mumewe bado anapumua.

"Basi imekuwaje?"

Sajini alikifungua kisanduku cha fyuzi. Alimwonyesha mahali pa fyuzi za taa za mbele, ya kulia na ya kushoto. Palikuwa patupu. "Fyuzi ikiungua inabaki mahali pake, ina alama nyeusi," alisema. "Hapa hakuna kitu. Na kifuniko kilikuwa kimefungwa, hazikuruka kwa kishindo. Kuna mtu alizitoa kwa mkono." Alivua miwani. "Mchana dereva hawezi kujua, Mama. Ukiwa umekaa kwenye kiti huzioni taa zako, jua linazimeza. Yeye alizungusha swichi akajua zinawaka. Akaenda akijua anaonekana."

Rijarua aliomba lifti hadi Okondjatu. Alimkuta Kapuire kwenye birika la ng'ombe, mpira wa maji mkononi. Alisimama karibu naye hadi kijana akageuka.

"Ulizitoa wewe?"

Kapuire hakuuliza nini. Aliutupa mpira chini, maji yakawa yanamwagika kwenye mchanga.

"Ya redio iliungua, Mama. Katikati ya dansi. Zile spika zilikuwa kubwa kwake. Nikachukua ya taa moja, nayo ikaungua. Nikachukua ya pili, nayo ikaisha hivyo hivyo. Nilisema nitanunua nyingine mjini Jumatatu."

"Ukaosha gari."

"Ndiyo."

"Ukaliosha lote, ukasugua hadi matairi, na hukumwambia."

"Nilisahau." Kisha akakaa kwenye ukingo wa birika, akafunika uso. "Sikusahau. Niliogopa angesema hanipi tena. Unamjua alivyo na taa zake."

Rijarua alimwuliza neno moja zaidi, na baadaye alijuta kuliuliza, maana jibu lake ndilo lililokaa naye. Alimwuliza kama asubuhi ile, mjomba wake alipokuwa akiondoka, yeye alikuwa macho.

"Nilikuwa kitandani," Kapuire akasema. "Niliisikia swichi. Nikajiambia, ni mchana, haidhuru."

Ng'ombe waliendelea kunywa. Rijarua aliinama, akafunga maji, kwa kuwa maji ya kwetu hayachezewi hata siku kama ile, akaenda nyumbani.

Wazee wa ukoo wa mumewe walikutana kugawa mirathi. Alikuwapo Mzee Tjipene, mkubwa wao, mtu wa maneno machache ambaye akikohoa watu hunyamaza. Rijarua aliomba nafasi akawaeleza yote, na Kapuire, ambaye hakuwa mwongo wa asili, alikiri mbele yao. Kisha wakamtoa Rijarua nje, wakazungumza bila yeye, na alipoitwa tena mambo yalikuwa yamekwisha.

Mzee Tjipene hakumkaripia. Alimweleza kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Alisema hakuna aliyetaka kifo kile. Alisema lakini mrithi ambaye mkono wake umo katika kifo cha anayemrithi, watu hawatasema fyuzi. Watasema uchawi. Watasema alikuwa na haraka ya ng'ombe. Kijana atakuwa amekufa naye, ukoo utapoteza wawili kwa ajali moja. Polisi wameandika tu kwamba taa hazikuwaka, jina la aliyezitoa fyuzi hawana. Kwa hiyo itasemwa kwamba fyuzi ziliungua zenyewe, kama fyuzi zinavyoungua.

"Na Uanivi?" Rijarua akauliza.

"Uanivi hana haja tena na sifa."

"Mimi ninayo."

"Wewe utatunzwa hapa, mama. Kapuire ni mwanao. Atakutunza."

Alimtazama Kapuire. Kapuire alikuwa anatazama miguu yake. Angeweza kusema neno wakati ule, hata moja, hata la kijinga, na pengine Rijarua angebaki. Hakulisema.

Lililobaki ni Muharukua. Rijarua alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa imemgeukia kama mbwa wa nyumbani anayeuma. Alimwendea nyumbani kwake, akamkuta kivulini mwa paa la mabati, mguu umewekwa juu ya kreti, umetobolewa na vyuma. Muharukua hakumkaribisha kiti. Rijarua alisema, akiwa amesimama, kwamba amekuja kurudisha maneno yake.

"Kwa hiyo nilisema kweli," Muharukua akasema.

"Ulisema kweli. Hazikuwaka."

"Na wewe uliniita mwongo mbele ya ndugu zangu. Unajua nimenunua ng'ombe wangapi tangu siku hiyo? Hata mbuzi wananikimbia." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Kwa nini hazikuwaka?"

"Fyuzi ziliungua." Neno la wazee likatoka kinywani mwake, laini kabisa, kama la mtu aliyelizoea.

Muharukua aliusogeza mguu wake juu ya kreti. "Zangu zilikuwa nzima," alisema. "Zipo hadi leo. Ningegusa tu swichi, angeniona yeye." Hakuwa akiongea naye hasa. Halafu uso ukafunga tena. "Uliyasema hadharani, utayarudisha hadharani. Siku ya mnada."

Siku ya mnada Rijarua alikwenda Okakarara. Alipanda kwenye ubao wa zizi anaposimama mpiga mnada, na nguo zake nyeusi, wafugaji wakavua kofia wakidhani anaomba mchango. Alisema kwamba polisi wamekagua, na taa za mumewe hazikuwaka siku ile, Muharukua hakumzulia. Fyuzi zilikuwa zimeungua. Alitaka kuongeza kwamba swichi ilikuwa imewashwa, kwamba mumewe alikwenda akiamini. Alilisema hilo pia. Lakini watu walikuwa wameshasikia walichokuja kusikia, na kelele za ng'ombe zilikuwa nyingi. Alipokuwa anashuka, mzee mmoja akamwambia mwenzake, bila ubaya wowote:

"Kurunzi anaangalia taa za watu, za kwake haangalii. Ndivyo tulivyo binadamu."

Kwa hiyo aliyemwaibisha Uanivi mbele ya watu, mwisho wa yote, alikuwa mkewe mwenyewe, kwa kusema kweli nusu. Nusu ile nyingine ilikuwa kwa Kapuire, pamoja na ng'ombe.

Rijarua hakurudi bomani kukaa. Alichukua masanduku yake na vibuyu vyake, akaenda Otjiwarongo kwa binamu yake, akapata kazi katika jiko la bweni la shule. Kapuire alimfuata huko mara mbili. Mara ya kwanza alileta nyama na akalia. Rijarua aliipokea nyama, akaipika, wakaila wanafunzi. Mara ya pili hakulia, alikuwa amevaa vizuri, na alizungumza juu ya mambo ya boma kama mtu mwenye boma. Rijarua alimpa chai. Hawakumtaja Uanivi.

Ikapita miaka. Siku moja walikuwa wanachambua maharage jikoni, yeye na mpishi mwenzake aitwaye Selma, redio ikiwa dirishani. Kilikuwa kipindi cha kuelekea sikukuu, wakati ambapo magari hujaa barabarani na makaburi nayo, na walialikwa watu wa kuzungumzia usalama. Rijarua aliijua sauti kabla jina halijatajwa.

Kapuire alizungumza vizuri. Alikuwa na ule ucheshi wake, sasa umekomaa. Alisimulia kwamba mjomba wake aliyemlea alikuwa akiwasha taa mchana tangu zamani, watu wakimcheka, na kwamba alikufa siku ambayo fyuzi ziliungua bila yeye kujua. Aliwaomba madereva wasiridhike na swichi. Washuke, wazunguke mbele ya gari, watazame kwa macho yao kama zinawaka, kwa kuwa ukiwa umekaa kwenye kiti huwezi kujua. Mtangazaji alisema kijana huyu amekwenda shule nyingi na maboma mengi na ujumbe huu, na kwamba kwenye barabara ya Okondjatu sasa ni nadra kuona gari linakuja limezima taa. Sauti ya Kapuire ilikatika kidogo aliposema neno mjomba. Rijarua alijua kwamba mkatiko ule haukuwa wa kuigiza. Hilo nalo lilimuuma. Angekuwa mnafiki mtupu, ingekuwa rahisi.

Selma aliweka chini ungo wake. Alisema mwanawe wa kiume, ambaye huendesha gari la mkate hadi Grootfontein, alimsikia kijana huyo huyo shuleni, na tangu hapo hatoki bila kuzunguka mbele ya gari. Wiki iliyopita lori lilimkwepa ndani ya vumbi, na dereva wake alisimama akamwambia, nimeona taa zako tu, gari sikuliona.

Rijarua alikuwa ameshika punje moja ya maharage, mbovu. Angeweza kusema. Ilikuwa jiko tu, na mtu mmoja, na maneno machache. Alimfikiria mtoto wa Selma na gari la mkate. Alifikiria watu wakicheka kwamba hata yule wa redio ni mwongo, kisha wakipanda magari yao bila kugusa kitu.

"Unamjua?" Selma akauliza. "Si ni watu wa kwenu?"

"Nilimlea mimi."

Selma akageuka mzima, uso umechanua. "Rijarua. Na hukuwahi kusema. Basi ulilea vizuri, dada. Mungu akubariki kwa huyo."

Rijarua akaitupa ile punje mbovu kwenye ndoo, akachukua nyingine. Alimwomba Selma aongeze maji kwenye sufuria, maana wanafunzi walikuwa karibu kutoka darasani.